Hifadhi Pepe ya Kiswahili cha Lubumbashi: Uhakiki wa Dhana na wa Mashine Zake

1.0 Utangulizi

Mwaka 2008 Johannes Fabian alitoa kitabu kiitwacho Ethnography as Commentary: Writing from the Virtual Archive, kilichochapishwa na Duke University Press. Chanzo cha kitabu hicho kiko Lubumbashi. Mwaka 1974, wakati Fabian akifundisha katika mji huu, mganga Kahenga Mukonkwa Michel alifanya kazi ya "kufunga" nyumba yake, yaani kuikinga na wezi. Baadaye wawili hao walizungumza kwa Kiswahili juu ya kazi hiyo, na mazungumzo yakanaswa kwenye kanda. Miaka mingi ilipita kabla ya mazungumzo hayo kunakiliwa, kufasiriwa kwa Kiingereza na kuwekwa katika tovuti ambayo Fabian na Vincent de Rooij walikuwa wameianzisha katika Chuo Kikuu cha Amsterdam mwishoni mwa miaka ya 1990, yenye mkusanyo uitwao Archives of Popular Swahili. Kitabu cha 2008 ni ufafanuzi wa andiko hilo, na kinamwelekeza msomaji huko lilikowekwa.

Dai kuu la Fabian ni rahisi kulieleza, nalo lina uzito. Zamani mwanaethnografia alikusanya maandiko, akayafungia sandukuni, kisha akaandika kitabu kilichochukua nafasi ya maandiko hayo. Msomaji aliona vipande tu, vile vilivyochaguliwa ili kuthibitisha hoja. Kwa kuwa sasa andiko zima laweza kuwekwa mbele ya kila mtu, mtaalamu hana budi kuandika kwa namna nyingine: andiko lipo, na msomaji anaweza kumsahihisha. Dhana inayobeba dai hilo ni ya "kuwapo", na kuwapo huko kunawezeshwa na kile ambacho Fabian anakiita hifadhi pepe.

Makala haya yanakusudia kuihakiki dhana hiyo kutoka upande ambao wahakiki wa fasihi na wanaisimu huuachia mafundi, yaani upande wa mashine. Tunadai kwamba hifadhi iliyoitwa pepe haikuwa pepe kwa maana ambayo wahandisi wa kompyuta wamelipa neno hilo. Ilifungamana na mahali pamoja, idara moja na anwani moja. Tunadai pia kwamba mabadiliko yaliyotokea katika fani ya mashine pepe na hifadhi inayoendeshwa na programu, hasa tangu mwaka 2023, yanawapa wanafunzi wa Kiswahili cha Lubumbashi sababu ya kuuliza upya maandiko haya yako wapi, na ni nani mwenye uwezo wa kuyaondoa.

2.0 Juu ya neno "pepe"

Istilahi za Kiswahili za kompyuta zimelitumia neno hili kwa wingi. Tuna barua pepe, tuna uhalisia pepe, na mafundi wanasema mashine pepe. Wengi hulihusisha na upepo na kupepea, na kwa barua jambo hilo linakubalika, kwani barua hiyo huenda bila karatasi wala mpanda baiskeli. Msemaji wa Lubumbashi, ambaye upepo humwita mupepo, hapati taabu kuukisia uhusiano huo. Lakini wakulima wa mpunga wa pwani na bara wana pepe nyingine: punje ambayo nje ni ganda zima na ndani hamna kitu. Mchele wenye mapepe mengi haumfurahishi mnunuzi.

Hatutaji maana hiyo kwa mzaha. Mashine pepe ina umbo lote la kompyuta: ina kumbukumbu, ina diski, ina kadi ya mtandao, na programu iliyo ndani yake haijui kwamba iko ndani ya ganda. Kiini, yaani chuma, umeme na mtu anayefuta vumbi, kiko kwingine. Neno la Kiswahili kwa hiyo linasema kweli zaidi kuliko lile la Kiingereza ambalo Fabian analitumia, kwa sababu linatulazimisha kuuliza kiini kiko wapi. Mwandishi wa makala haya hapendelei kuundwa neno jipya mahali pa hili, ingawa wapo wanaotaka kulibadilisha kwa sababu linanuka ushirikina. Katika uhakiki wa kitabu kinachohusu mganga, harufu hiyo si hasara.

3.0 Anwani tatu za ghala moja

Tuanze na ushahidi ambao kila mwanafunzi anaweza kuupata maktabani. Machapisho yanayoinukuu tovuti ya Amsterdam hayakubaliani juu ya mahali ilipo. Yale ya mwanzo yanatoa anwani yenye herufi pscw. Yaliyofuata yanatoa anwani yenye herufi fmg. Mengine yana neno socsci. Mtu asiyejua mambo ya Uholanzi atadhani ni tovuti tatu, lakini ni moja. Herufi hizo ni vifupisho vya majina ya kitivo: cha kwanza kinatokana na jina la kitivo cha sayansi za siasa na za jamii na utamaduni, cha pili na jina la kitivo cha sayansi za jamii na tabia kilichokuja baadaye, na cha tatu ni kifupisho cha kimataifa cha sayansi za jamii. Chuo kilipojipanga upya, sauti za watu wa Katanga zilihamishiwa anwani nyingine.

Hapa ndipo tunapoona udhaifu wa dhana ya Fabian. Tanbihi ya kitabu au makala ya jarida inapotaja anwani ya zamani, andiko linakuwa "lipo" kwa jina tu. Msomaji wa Lubumbashi anayefuata anwani ile hufika penye mlango uliofungwa, na kumbuka kwamba hoja nzima ya kitabu inategemea mlango huo kuwa wazi. Kitabu cha karatasi hakina tabia hiyo. Nakala ya History from Below ya 1990 iliyoko katika rafu fulani haihami kwa sababu mkuu wa kitivo amebadilisha jina la kitivo chake.

Hatumlaumu Fabian wala de Rooij. Walifanya kazi hii wakati vyuo vingi vya Afrika ya Kati havikuwa na intaneti ya kutegemewa, na walifungua bila malipo kile ambacho wengine wangekiuza. Kinachohakikiwa hapa ni lugha ya kinadharia iliyoizunguka kazi yenyewe. Fabian, ambaye katika Time and the Other (1983) aliwashutumu wanaanthropolojia kwa kuwanyima watu wanaowachunguza haki ya kuwa nao katika wakati mmoja, hakuuliza kwa ukali uleule swali la mahali. Wakati wa Kahenga na wakati wa msomaji umeunganishwa vizuri sana katika kitabu cha 2008. Mahali pao hapakuunganishwa. Sauti ilitoka Lubumbashi, ghala liko Amsterdam, ufafanuzi umechapishwa Durham, na lugha ya ufafanuzi ni Kiingereza katika nchi ambayo wanafunzi wake husoma kwa Kifaransa.

4.0 Wahandisi wanasema nini

Fikra ya mashine pepe ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Kampuni ya IBM iliifanyia majaribio katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 ikatoa mfumo wa VM/370 uliowezesha kompyuta moja kubwa kugawanywa katika kompyuta nyingi, kila mtumiaji akiona kwamba mashine nzima ni yake. (Ndio mwaka ambao Fabian alianza kufundisha Lubumbashi, hatudai kwamba kuna uhusiano.) Katika miaka ya 1980 kompyuta ndogo za bei nafuu ziliifanya fikra hiyo ionekane haina haja. Ilirudi mwaka 1998 ilipoanzishwa kampuni ya VMware huko California. Kampuni hiyo iliunda programu-simamizi inayokaa kati ya chuma na mfumo endeshi, hata seva moja ya kawaida ikaweza kubeba seva kumi au ishirini. Mwaka 2003 walitokea watafiti wa Cambridge na programu ya Xen, na mwaka 2007 uwezo wa namna hiyo uitwao KVM ukaingizwa katika kiini cha Linux, ambacho hakina mwenyewe wa kukiuza.

Kwa mtu wa hifadhi za maandiko, jambo lenye maana katika habari hii ni moja. Mashine iliyokuwa chuma imekuwa faili. Faili hunakiliwa na kuhamishwa, na huweza kuamshwa kesho juu ya chuma kingine katika nchi nyingine, ikiwa na anwani yake ileile ya ndani na kila kitu kilichokuwamo. Hiyo ndiyo maana ya upepe kwa wahandisi: kuachana na chuma fulani. Kwa kipimo hicho hifadhi ya Amsterdam, iliyobadilika anwani kila kitivo kilipobadilika jina, ilikuwa bado imefungwa kwenye mguu wa meza.

Hatua iliyofuata ilihusu diski. Zamani taasisi kubwa ilinunua kabati maalumu la diski kutoka kwa kampuni moja, na kabati hilo lilijua mahali pa kila kitu. Lilipokufa, ujuzi ulikufa nalo. Hifadhi inayoendeshwa na programu huzichukua diski za kawaida zilizomo katika kompyuta nyingi za kawaida na kuzifanya ghala moja. Mfano unaofundisha zaidi ni Ceph, mfumo uliobuniwa na Sage Weil akiwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, ukaelezwa hadharani mwaka 2006. Katika mfumo huo hakuna daftari kuu linaloandika kwamba kitu fulani kiko diski fulani. Kila mshiriki ana ramani ndogo ya ghala na kanuni ya hesabu. Anapotaka kitu, hukokotoa mwenyewe mahali kilipo. Kwa desturi kila kitu huwekwa nakala tatu katika mashine tatu tofauti. Diski moja ikifa, zilizobaki hukokotoa upya na kujaza pengo bila kumsubiri fundi.

Mtu aliyezoea mapokeo ya simulizi hatashangazwa sana na mpangilio huu. Utenzi uliohifadhiwa vifuani mwa watu watatu wa vijiji vitatu haupotei kwa kifo cha mmoja wao, mradi wote wanajua kanuni za mizani na vina. Lakini mlinganisho huu usivutwe mbali. Ceph hukataa kabisa nakala tatu kutofautiana hata kwa herufi moja, hali mapokeo simulizi huishi kwa tofauti hizohizo.

4.1 Mwenye programu ndiye mwenye ghala

Mtu aweza kudhani kwamba tatizo limekwisha: tuyahamishe maandiko katika mashine pepe, tuyaweke nakala tatu, tulale. Matukio ya miaka ya karibuni yanakataza usingizi huo.

Usiku wa tarehe 10 Machi 2021 jengo moja la kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, liliteketea. Tovuti nyingi zilizodhaniwa kuwa "winguni" zilipotea pamoja na nakala zake, kwa kuwa nakala nazo zilikuwa hapohapo. Mwezi Desemba mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza takribani terabaiti 77 za data za utafiti. Safari hii hakukuwa na moto. Programu ya kutunza nakala, iliyokuwa imerekebishwa vibaya, ilifuta ilichopaswa kukilinda. Tukio la Kyoto linatuhusu zaidi sisi wa vyuo vikuu kuliko lile la Strasbourg: hifadhi inapoendeshwa na programu, kosa la programu huwa na mikono mirefu kuliko moto.

Tukio la tatu ni la kibiashara, nalo ndilo lililoitikisa fani nzima. Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, ambao thamani yake ilitajwa Mei 2022 kuwa dola bilioni 61. Desemba 2023 ilitangaza kwamba leseni za kudumu hazitauzwa tena. Mteja atalipa kwa vipindi, na bidhaa zilizokuwa zikinunuliwa mojamoja zikafungwa katika vifurushi. Taasisi zilizodhani zimeachana na chuma zikatambua kwamba zimefungamana na tabaka lililo juu ya chuma. Uholanzi, nchi iliko hifadhi tunayoizungumzia, idara ya serikali ya barabara na njia za maji, Rijkswaterstaat, ililipeleka jambo hilo mahakamani, na Juni 2025 mahakama ya The Hague iliamuru kwamba iendelee kuhudumiwa kwa muda wa hadi miaka 2 huku ikihama. Yaani hata dola tajiri ilihitaji hakimu ili ipewe muda wa kuhamisha mizigo yake.

Wengi wamehamia mifumo iliyojengwa juu ya KVM, kama vile Proxmox ya Vienna iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2008, na hifadhi ya Ceph, ambayo tangu 2018 ina wakfu wake chini ya Linux Foundation. Hatutangazi bidhaa. Tunataka tu ionekane kwamba uchaguzi wa tabaka la kati ni uchaguzi wa mwenye ufunguo, na kwamba kwa chuo kisicho na bajeti ya kwenda mahakamani mbali, programu ambayo haiwezi kununuliwa na kufungwa ina faida isiyohitaji ubishi mrefu.

5.0 Kuhifadhiwa na kupatikana

Tumefika penye jambo ambalo wahandisi hawawezi kutusaidia, na ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote.

Mwaka 1965 watumishi wa zamani wa nyumbani wa Elisabethville walitoa andiko lililopigwa taipu, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lililokusanywa na André Yav. Ni historia ya mji inayosimuliwa na watu waliopika, waliofua na waliofungua milango ya Wabelgiji. Limeandikwa kwa Kiswahili cha mji huu, bila kufuata tahajia yoyote rasmi. Maneno hukatwa pasipotarajiwa na kuunganishwa pasipotarajiwa, na neno moja laweza kuandikwa kwa namna mbili tatu katika ukurasa mmoja. Fabian alipolitayarisha kwa ajili ya History from Below (1990), kwa msaada wa Kalundi Mango na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho, macho peke yake hayakutosha. Ilibidi Kalundi Mango alisome kwa sauti, na usomaji huo ukanakiliwa upya. Andiko liliokolewa na sikio. Mwaka 2001 lilitolewa tena katika Archives of Popular Swahili.

Sasa mchukue mwanafunzi wa Dodoma au Nairobi anayetafuta katika hifadhi hiyo habari za Wazungu. Ataandika "wazungu", na mashine itamjibu kwa uaminifu kwamba kuna kidogo au hakuna. Andiko linasema bazungu. Akitafuta "watu" atakosa bantu. Akitafuta "vitu" atakosa bintu. Akitafuta "hapa" huenda akakosa apa. Nakala tatu za Ceph zingekuwa nzima, kila herufi mahali pake, na bado mwanafunzi angeondoka akiamini kwamba watumishi wa Elisabethville hawakuwa na la kusema juu ya mabwana zao. Kwa mtafutaji huyo andiko lililohifadhiwa hivyo ni sawa na lililoungua.

Tatizo hili halikuanza na tovuti ya Amsterdam. Mkusanyo wa Helsinki wa matini za Kiswahili, ulioasisiwa na Arvi Hurskainen na kutolewa mwaka 2004 na tena kwa upana zaidi mwaka 2016, ni kazi ya kuheshimiwa, na kichanganuzi chake kinalitambua neno la Kiswahili Sanifu pamoja na viambishi vyake vyote. Kiliundwa kwa ajili ya Usanifu. Ukikilisha sentensi ya sokoni Kenya au Katuba, kitaiona kama rundo la makosa. Hivyo katika hifadhi za kidijitali Kiswahili cha Lubumbashi kimetupwa nje mara mbili: maandiko yake yako mbali na mji, na vyombo vya kuyasomea vimefungiwa Usanifu.

Wapo wenzetu, hasa wa Dar es Salaam, watakaosema kwamba dawa ni kuyasanifisha maandiko haya, yaani kuyaandika upya kwa tahajia inayotambulika. Hatukubaliani nao. Andiko la Yav likisanifishwa, kitu cha kwanza kitakachopotea ni ushahidi wa jinsi mtu aliyejifunza kuandika nje ya shule ya Kiswahili alivyosikia lugha yake. Polomé alionyesha tangu mwaka 1968 kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kina mfumo wake. Kazi za baadaye, hadi ile ya Aurélia Ferrari, Marcel Kalunga na Georges Mulumbwa, Le swahili de Lubumbashi (2014), zimetupatia sarufi, matini na orodha ya maneno. Orodha hiyo inaweza kugeuzwa kuwa faharasa inayounganisha bazungu na wazungu bila kugusa andiko lenyewe. Ni tabaka linalowekwa juu ya andiko, kama programu-simamizi inavyowekwa juu ya chuma. Na ni kazi ya wanaisimu, ambayo haitafanywa na fundi yeyote wa seva.

6.0 Ghala la Lubumbashi

Je, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kinaweza kuwa na nakala yake? Watu wengi hulijibu swali hili kwa kutaja umeme, kisha mazungumzo huishia hapo. Tujaribu kuhesabu kwanza.

Saa moja ya kanda ikigeuzwa kuwa data kwa ubora wa diski za muziki huchukua takribani megabaiti 635. Saa 1,000 za kanda, ambazo ni nyingi, zitahitaji gigabaiti 635. Nakala tatu hazifiki terabaiti 2. Maandishi yote ya Archives of Popular Swahili ni kitu kidogo mno ukilinganisha na hesabu hiyo, na yangeenea katika kifaa ambacho mwanafunzi hukibeba mfukoni. Kwa hiyo anayesema kwamba mji huu hauna uwezo wa kuhifadhi sauti zake anazungumzia kitu kingine, si ukubwa wa ghala.

Umeme ni swali la kweli, lakini jibu lake si lile la kampuni za migodi, zenye majenereta yasiyolala. Mfumo wa mashine tatu hufanya kazi mradi mbili zinasikilizana. Zote tatu zikiwa katika chumba kimoja chenye waya mmoja wa umeme, ni sawa na kuwa na moja. Wala haifai kuzitawanya mashine hizo tatu katika nchi tatu na kuzitaka zikubaliane kila sekunde, kwa sababu njia za mawasiliano zitazichelewesha hadi zishindwe. Kinachowezekana ni jambo la chini zaidi: ghala dogo Lubumbashi, lingine Dar es Salaam au Bujumbura, na la Amsterdam libaki lilipo, kila moja likijitegemea na kulinganisha nakala zake na za mengine kila juma au kila mwezi. Maktabari wa Chuo Kikuu cha Stanford walianzisha mpango wa namna hiyo, LOCKSS, mwishoni mwa miaka ya 1990, ili majarida yasitegemee seva ya mchapishaji mmoja. Umeme ukikatika siku mbili katika mji mmoja, hakuna kinachopotea. Mashine itakapoamka itauliza imekosa nini.

Watu wa kuifanya kazi hiyo wapo. Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, ulioongozwa na wanahistoria kama Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, umekusanya simulizi za wakazi wa mji, nyingi zikiwa kwa Kiswahili, na kuzirudisha kwa wakazi kwa maonyesho. Mradi huo ulielewa jambo ambalo dhana ya hifadhi pepe haikulisisitiza: kwamba simulizi hurudishwa mahali ilikotoka, na watu hao huizungumza tena. Michoro ya historia ya Zaire iliyotengenezwa na Tshibumba Kanda Matulu, 101 kwa hesabu ya Remembering the Present (1996), inatazamwa Amsterdam na watu ambao hawamjui hata mmoja wa majirani zake. Michoro haiwezi kuwapo mahali pawili. Sauti na maandishi yanaweza, na gharama yake tumekwisha kuihesabu.

Liko suala la sheria ambalo halina budi kutajwa. Sheria-amri Na. 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, iitwayo Code du numérique, inaweka masharti juu ya data binafsi katika Kongo. Sauti ya mtu anayetajwa kwa jina, akieleza dawa na siri za kazi yake, ni ya kufikiriwa kwa makini kabla ya kunakiliwa kwenda popote, hata kurudi nyumbani. Kahenga alizungumza na mtu mmoja mwaka 1974, chumbani, juu ya namna ya kufunga nyumba. Hakuulizwa juu ya seva. Ghala la Lubumbashi litalazimika kuwa na mlango, na pawe na mtu wa kuamua ni kipi kinasikilizwa na kila mtu, kipi kinasikilizwa chuoni tu, na kipi kinasubiri kauli ya familia. Uamuzi huo ukifanywa Amsterdam hufanywa na watu wema wasiojua familia hizo zinaishi mtaa gani.

Katika ghala hilo, rekodi ya kwanza tungependa iwe ya usomaji wa Kalundi Mango. Ndiyo pekee inayoonyesha maneno ya Yav yanakatwa wapi, na bila hiyo faharasa tuliyoipendekeza haitakuwa na pa kuanzia. Baada ya hapo wanafunzi wawili watatu wenye masikio ya mji huu waketi na orodha ya maneno ya 2014, waunganishe kila umbo la andiko na neno lake, ukurasa kwa ukurasa, huku wakiandika kwa Kiswahili pale wanapotofautiana na fasiri ya Kiingereza.